Jinsi ya Kuripoti Uchumi, Mgomo na Hospitali Bila Kufungua Karatasi

Hongera kwa kazi mpya, kijana wangu. Umepewa dawati la uchumi, kazi na afya kwa sababu aliyekuwapo amehamia idara ya mawasiliano ya wizara fulani, ambako mshahara huingia kabla mwezi haujaisha. Usiogope. Watu hudhani dawati hili linataka mtu anayejua hesabu. Linataka mtu anayeweza kuandika maneno 600 huku karatasi yenye jibu iko mezani pake, imefungwa.

Maana kila habari ya dawati hili ina karatasi nyuma yake: mkataba uliotiwa saini, jedwali la takwimu, kanuni zilizochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, ripoti ya mkaguzi. Ni karatasi ndefu na zinachosha, na nyingine ziko mtandaoni bure kabisa. Hapo ndipo penye hatari. Mwandishi akisoma karatasi, habari yake inachelewa, simu za wakubwa zinaanza kulia, na ukurasa mzima wa tangazo uliokuwa uje Jumanne unaingia gazeti la jirani. Fuata hatua hizi na utastaafu salama.

Hatua ya kwanza: Shika namba moja, mwache mwenzake

Mei 2025 shirika la takwimu la Kenya, KNBS, lilitoa ripoti yake ya kila mwaka kuhusu uchumi. Ndani yake mlikuwa na namba tamu: ajira mpya 782,300 katika mwaka 2024. Hiyo ndiyo yako. Itie kwenye kichwa cha habari, irudie kwenye sentensi ya kwanza, kisha funga ripoti upesi, kwa sababu ripoti hiyohiyo inasema 703,700 kati ya ajira hizo ni za juakali, yaani sekta isiyo rasmi. Ukiichapisha namba ya pili kando ya ya kwanza, msomaji ataanza kutoa na kujumlisha. Ataona kwamba kati ya kila kazi kumi mpya, karibu tisa hazina mkataba wala likizo wala pensheni. Atajiuliza kama kijana aliyepunguzwa kiwandani, akaenda kutandika mitumba kando ya barabara, naye amehesabiwa kwenye mafanikio. Kichwa cha habari hakina nafasi ya maswali hayo.

Ukuaji wa uchumi una kanuni yake. Uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 5.7 mwaka 2023, kisha kwa asilimia 4.7 mwaka 2024. Mgeni wa kazi angeandika kwamba kasi imepungua. Wewe utaandika kwamba uchumi umebaki imara licha ya changamoto. Changamoto hazina mwenyewe, hazikupitishwa na Bunge lolote, na hazipigi simu chumba cha habari.

Mara mojamoja utabahatika kupata namba inayoruka usiku mmoja. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi ukaongezeka kwa robo nzima kabla ya chai ya saa nne. Nchi ikaingia kundi la kipato cha kati. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ikaiweka Tanzania kundi hilohilo: pato la mtu mmoja lilikuwa dola 1,080 kwa mwaka, na mlango wa kundi ulikuwa dola 1,036. Siku kama hizo andika kwa herufi kubwa na utafute picha ya daraja au ya treni. Usiandike kwamba tofauti ya maskini na mwenye kipato cha kati ilikuwa dola 44 kwa mwaka. Wala usipite sokoni kuuliza kama bei ya unga imearifiwa.

Na kamwe usihesabu mwenyewe. Mwaka 2018 Tanzania ilirekebisha Sheria ya Takwimu ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, adhabu ikiwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mwaka uliofuata kipengele hicho kikalegezwa. Vyumba vingi vya habari havijapata muda wa kusoma marekebisho hayo na vinaendelea kutii sheria ya awali, hata katika nchi ambazo haikuwahi kupitishwa.

Hatua ya pili: Tafuta mama mboga, kisha tafuta mchambuzi

Habari ya uchumi inahitaji watu wawili. Wa kwanza ni mama mboga. Mpige picha ameshika kitunguu. Muulize hali ya maisha, naye atasema ni ngumu. Muulize anaiomba nini serikali, naye atasema iwaangalie wanyonge. Asante mama, umemaliza. Usimuulize anakopa kwa nani asubuhi na anarudisha kiasi gani jioni, soko linamtoza ushuru kiasi gani kwa siku, au anapata risiti. Mama huyo anajua riba, hasara na mtaji kuliko mkurugenzi wa benki, lakini akianza kutaja namba atakuwa ameacha kuwa mwananchi wa kawaida. Namba ni kazi ya mtu wa pili.

Mtu wa pili ni mchambuzi wa masuala ya uchumi. Yuko mmoja mjini na simu yake iko hewani saa zote. Atasema serikali ipunguze matumizi, na wananchi nao wafunge mkanda. Usimuulize nani anamlipa. Taasisi yake ina jina refu na ofisi fupi, na kumwandikia cheo chake kikamilifu kunakupunguzia kazi kwa mstari mzima.

Hatua ya tatu: Mei Mosi, badilisha asilimia tu

Habari ya Sikukuu ya Wafanyakazi imeshaandikwa tangu mwaka jana. Nchini Kenya, Francis Atwoli, katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU, tangu 2001, atapanda jukwaani kudai. Rais atapanda kujibu. Wewe utabadilisha asilimia. Mwaka 2024, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais William Ruto alitaka kima cha chini kipande kwa angalau asilimia 6. Ukaandika ahueni kwa wafanyakazi, ukaenda nyumbani. Amri yenyewe ya mishahara ilianza kutumika tarehe 1 Novemba, miezi sita baadaye, na siku hiyo hapakuwa na bendi wala gwaride, kwa hiyo hapakuwa na habari. Kwa kibarua wa Nairobi amri hiyo ilitaja shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Senti 75 unaweza kuzitaja, zinaonyesha umakini wa serikali. Usizisogeze karibu na kodi ya chumba.

Upande wa Tanzania mbinu ni kufupisha. Mei 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, na asilimia hiyo ilikuwa ya kima cha chini katika utumishi wa umma. Maneno "kima cha chini" ni marefu kwa kichwa cha habari, basi yakabaki nje. Mishahara ya Julai ilipoingia, walimu na wauguzi wengi waliokuwa wameshaipangia matumizi asilimia 23 walikuta nyongeza ya kununulia kilo chache za nyama. Manung'uniko hayo nayo yakawa habari nzuri, na hakuna aliyetuuliza yalitoka wapi. Mei 2025 huko Singida Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza asilimia 35.1, kima cha chini cha watumishi wa umma kikitoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Unajua la kufanya.

Hatua ya nne: Mgomo huanza siku ya kwanza, kabla yake hakuna kitu

Hapa ndipo fundi hujitenga na mwanafunzi. Soma polepole.

Mgomo wa madaktari wa Kenya ulianza tarehe 5 Desemba 2016 na kumalizika tarehe 14 Machi 2017, siku 100. Mkataba wa pamoja waliokuwa wakiudai ulitiwa saini Juni 2013. Katikati mna miaka mitatu na nusu ambamo karatasi yenye saini ilikaa mahali fulani ikikusanya vumbi. Kipindi hicho hakina habari. Daktari akivua koti leo, hiyo ni habari. Hesabu siku tangu alipovua koti, na uziandike kila asubuhi kwenye pembe ya ukurasa: siku ya 12, siku ya 40, siku ya 77. Usihesabu tangu siku ya saini. Ingekubidi uanze na namba ya tarakimu nne, na msomaji angeuliza nani alikuwa amegoma muda wote huo.

Februari 2017 viongozi saba wa chama cha madaktari, KMPDU, walipelekwa jela kwa kudharau amri ya mahakama iliyotaka mgomo usitishwe. Habari ya namna hii ina picha za pingu na karandinga, hivyo ichapishe ukurasa wa kwanza. Mahakama ikisimamisha mgomo kwa siku chache tu, wewe andika mgomo ni haramu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, lakini Katiba nayo ni karatasi.

Kanuni ya pili ya mgomo ni kuita deni nyongeza. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena, kuanzia tarehe 14 Machi hadi 8 Mei, siku 56. Jambo kubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikasema ina 70,000. Ungekuwa mtu wa karatasi ungeandika kwamba mwajiri anataka kulipa theluthi moja ya alichotia saini. Lakini wewe umefunzwa, hivyo utaandika: madaktari wadai mamilioni zaidi huku nchi ikilemewa na madeni. Kumbuka kwamba nchi hudaiwa na wenye hati fungani na benki za nje pekee. Inachodaiwa na mwanagenzi kinaitwa madai.

Kanuni ya tatu ni usawa. Mpe waziri aya tatu na daktari aya tatu, kisha malizia na methali ya fahali wawili na nyasi. Uzuri wa methali hiyo ni kwamba fahali wanatoshana nguvu na wanagawana lawama nusu kwa nusu, aliyekataa kulipa na asiyelipwa. Nyasi, ambayo ni mgonjwa, haihitaji kuulizwa kitu. Ukikosea ukamuuliza, anaweza kukujibu kwamba hata kabla ya mgomo alikuwa akitumwa duka la dawa lililoko nje ya lango akanunue glavu na sindano.

Kanuni ya nne ni picha. Nenda wodini siku ya kwanza ya mgomo, upige vitanda vitupu na bibi mmoja kwenye benchi ameshika tama. Usiende wiki moja kabla. Wiki moja kabla ungekuta wodi ya wazazi imejaa, akina mama wawili kitanda kimoja wamelala mzungu wa nne, watoto wao wachanga katikati, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku akiwahesabu wote kwa tochi ya simu. Picha hiyo ingechanganya wasomaji. Wangedhani huduma zilikuwa zimelemaa kabla ya mgomo kuzilemaza.

Siku mgomo ukiisha, waziri na katibu wa chama watashikana mikono mbele ya kamera na kutia saini mkataba wa kurejea kazini. Piga picha ya mikono. Usipige picha ya karatasi, wala usiulize tarehe za malipo zilizoandikwa ndani. Karatasi hiyo ndiyo mgomo ujao, na wewe hutaki kuharibu mshangao.

Hatua ya tano: Bima ya afya, ripoti kelele

Tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya ilifunga bima ya NHIF ikafungua SHA. Mwajiriwa sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, bila ukomo wa juu. Hapa jiepushe sana na kikokotoo, maana hesabu ni ya dakika tano. Mwenye mshahara wa 20,000 alikuwa akikatwa 750; sasa anakatwa 550. Wa 50,000 alikatwa 1,200, sasa 1,375. Wa 200,000 alikatwa 1,700 na hakuna zaidi. Sasa anatoa 5,500. Ukichapisha mistari hii mitatu, kila mwajiriwa atajitafuta, ajue kama amepata au amepoteza, kisha aendelee na shughuli zake. Utakuwa umeua mjadala wa miezi sita.

Badala yake andika pigo kwa wafanyakazi. Mlinzi wa lango letu, ambaye makato yake yalipungua, hatalalamika kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wanaolalamika ni wahariri, na wahariri ndio wanaotunga vichwa vya habari.

Asiye na ajira rasmi hana karatasi ya mshahara, hivyo ana hesabu tofauti. Zamani alilipa 500 kwa mwezi. Sasa anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, mpaka paa na choo, kisha mtambo unakadiria uwezo wake. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, na utaratibu ulipoanza alitakiwa kutoa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa aliye chini kabisa. Wale wa juakali kutoka hatua ya kwanza wamo humu. Ukiunganisha hatua ya kwanza na ya tano utakuwa umefanya uandishi, jambo ambalo halimo katika mkataba wako.

Habari ya SHA inayotakiwa iko hivi: waziri amesema mamilioni wamejisajili, mpinzani amesema SHA imekufa. Kujisajili ni bure, kulipa ni pesa, lakini ukitenganisha mambo hayo mawili utapoteza wasemaji wote wawili kwa mpigo. Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu aliporipoti Machi 2025 kwamba mfumo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 unaoendesha bima hiyo si mali ya serikali, kazi yako ilikuwa kutafuta mtu wa kumpinga na mtu wa kumtetea. Sasa ni mabishano, na mabishano hayana ukurasa wa kwanza wala wa mwisho, tofauti na ripoti.

Ukiishiwa kabisa, kuna Azimio la Abuja la 2001, ambapo viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Lichapishe kila Juni wakati wa bajeti, kwenye aya ya mwisho, ile inayokatwa ukurasa ukijaa.

Maswali ya wageni wa kazi

*Nikipewa mkataba wenyewe na mtu wa ndani, nifanye nini?*
Mshukuru. Andika kwamba gazeti limeuona mkataba huo. Kuuona kunatosha.

*Kwenye warsha hotelini nimepewa bahasha ya nauli, na mimi nilikuja kwa miguu.*
Hiyo ni nauli ya kurudia. Kwenye habari yako, warsha ilifana.

*Msomaji amepiga simu anauliza makato yake mapya ni kiasi gani.*
Mwambie afuatilie gazeti la kesho. Kesho mwambie vivyo hivyo.

*Je, kuna mwandishi aliyewahi kusoma karatasi zote hizi na hakupatwa na lolote?*
Wapo wachache. Utawatambua kwa sababu vyama vya wafanyakazi huwapigia simu kuuliza ibara fulani inasemaje, na wizara huwapigia kuuliza waliipata wapi. Habari zao husomwa mpaka mwisho. Hawaalikwi hotelini.

*Mimi nalipwa kwa kila habari inayochapishwa, sina mkataba, sina bima, na nikiugua silipwi. KNBS imenihesabu wapi?*
Kuna jedwali ndani ya ripoti, lakini tulishakubaliana hatuifungui.

*Na malipo yangu ya miezi mitatu iliyopita?*
Uongozi unatambua mchango wako na mazungumzo yanaendelea. Lete habari ya mgomo kabla ya saa kumi.